Kitanda cha Tyubu

Leokadia alimpigia simu dada yake wakati dada huyo anavaa glavu kazini, na kama kawaida yake hakuanza na salamu.

"Dada, kile kitenge cha maua ya njano kimeisha dukani. Kimebaki cha kijani chenye mapangaboi. Nichukue?"

"Chenye nini?"

"Mapangaboi. Feni za darini. Ndiyo sare yetu ya shukrani, watu wazima tumevaa feni."

"Chukua tu. Mtoto akipona hakuna anayeangalia kitambaa."

"Wanaangalia sana, wewe huwajui mawifi zangu. Haya, kesho uje mapema, kuna vitunguu vya kumenya. Na glavu zako uziache huko huko, usije ukatutia aibu."

Gaudensia Ngonyani alikata simu akiwa bado anacheka. Jumapili ilikuwa misa ya shukrani ya Editha, binti wa Leokadia, mtoto wa darasa la tatu ambaye tezi za shingo zilimvimba na homa za jioni zikamtafuna mpaka sketi ya shule ikawa inafungwa kwa pini. Damu yake ilipimwa hapa hapa, Kituo cha Damu cha Lihanje, na majibu yakatoka safi. Hana kitu kibaya, ni maambukizi ya kawaida, ameze dawa apumzike. Baba yake akanunua mbuzi siku ile ile.

Aliyetoa majibu hayo alikuwa Shemeji.

Shemeji hakuwa mtu. Alikuwa mkono mrefu wa chuma cheupe unaotembea kwenye reli juu ya meza ya maabara, wenye vidole vitatu vya mpira na jicho kwenye kifundo. Kwenye mkataba aliandikwa kwa herufi na tarakimu ambazo hakuna aliyejali kuzikariri. Fokas Komba, fundi aliyemtunza, ndiye aliyempa jina siku alipofungwa. "Kaingia ukoo wetu, anakula kwetu, na kumfukuza hatuwezi," alisema. "Huyo ni shemeji."

Droni zilileta damu kutoka zahanati za mikoa mitatu na kuishusha juu ya paa. Sanduku likateleza kwenye bomba, Shemeji akalifungua, akatoa tyubu moja moja, akazipembeza taratibu ili damu isigande wala kujitenga, akachanganya na rangi, akapima, akatuma majibu. Zamani kazi hiyo iliwatoa jasho watu kumi na zaidi, na majibu ya Tunduru yalifika wakati mgonjwa ameshasahaulika. Sasa wafanyakazi walibaki wachache, na kazi yao kubwa ilikuwa kumlisha Shemeji rangi na kumfuta vumbi.

Asubuhi hiyo Fokas alikuwa amemzima ili amsafishe jicho.

"Hatoamka kabla ya saa tano," alisema, kichwa chake kikiwa chini ya reli. "Kalala kama bwana harusi."

"Basi nitamalizia mimi tyubu zilizolala," Gaudensia akasema. "Zisije zikaharibika."

Akanyoosha mkono dirishani kuchukua kitanda, na mkono ukashika hewa.

Kitanda kilikuwa reki ndogo ya mbao yenye matundu ya kuwekea tyubu, kazi ya seremala wa mjini, ambayo tangu enzi za mkuu wa kwanza wa maabara ilikaa kwenye kivuli baridi cha dirisha. Kilikuwa na kazi moja. Mpimaji alikuwa akionja kila damu kwanza, yaani kupima tone dogo tu, ili ajue rangi itakayohitajika. Kama tone hilo lilionyesha ugonjwa wa kutisha, tyubu haikumaliziwa papo hapo. Ililazwa. Kesho yake ilipimwa upya, na baada ya hapo ndipo majibu yalipotumwa, muuguzi wa wodi akipigiwa kwanza ili awatafute ndugu.

Hakuna mwongozo ulioagiza jambo hilo. Lilitoka majumbani mwao. Kwao mtu akifiwa akiwa safarini haambiwi amefiwa. Huambiwa mama anaumwa kidogo, njoo. Akishuka kwenye basi na kuona watu wamekaa nje kwenye mikeka, moyo unakuwa umeshajiandaa njia nzima. Wapimaji wa Lihanje waliona hawawezi kuwafanyia watu wengine ukatili ambao wasingewafanyia ndugu zao. Na usiku mmoja, walisema, haujamuua mtu.

"Fokas, umehamisha kitanda?"

"Mimi? Nihamishe kitanda cha Shemeji, ili iweje?"

"Hakipo dirishani."

Fokas akatoka chini ya reli, akatazama huku na huku. Ndiye aliyekiona. Kilikuwa upande wa pili wa meza, nyuma ya nguzo, juu ya tundu ambalo mashine ya ubaridi ilipumulia joto lake.

"Nilidhani wewe ndiye uliyekiweka hapo," alisema.

"Nimekuwa nikidhani kipo dirishani."

Akazitoa tyubu tatu zilizokuwa zimelala. Zilikuwa na joto kiganjani mwake, kama mayai yaliyotolewa chini ya kuku.

*

Alikaa kwenye saitomita ya zamani, mashine ya kuchambua chembe za damu, ile ya kuendeshwa kwa mkono, iliyoachwa kwenye kona kwa ajili ya dharura. Vidole vilikumbuka. Akachukua tyubu ya kwanza, akaweka kingamwili zenye rangi, kila rangi ikitafuta aina yake ya chembe nyeupe za kuishika. Akasubiri, akaziosha, akawasha.

Ndani ya mashine chembe zilipita moja moja kwenye uzi mwembamba wa maji, kama watu wanaotoka kwenye mlango wa kanisa usiopitisha wawili, na kila moja ilipopigwa na mwanga wa leza iling'aa kwa rangi zake. Kila chembe ikawa nukta kwenye kioo cha mashine. Zinazofanana zikajikusanya, na mkusanyiko huo wapimaji huuita wingu. Damu nzima ina mawingu yake yanayojulikana, kila moja mahali pake. Mgonjwa wa saratani ya damu huwa na wingu la ziada, zito, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu.

Gaudensia aliangalia. Mawingu ya damu nzima yalikuwa mahali pake. Safi. Akataka kusogeza kiti.

Lakini mashine ya zamani ilikuwa imebaki na mpangilio wa zamani. Chembe zilizokufa hunasa rangi ovyo na kumdanganya mpimaji, kwa hiyo hutiwa rangi yao ya peke yake na kufichwa zisionekane kwenye kioo. Shemeji alizificha kila mara. Gaudensia, kwa haraka, alisahau kuzificha. Na sasa, chini upande wa kulia, wafu wote wa tyubu ile walikuwa wamejikusanya mbele yake.

Damu ikikaa, chembe hufa. Hilo halimshangazi mtu. Lakini zinapokufa kwa kuchoka hufa za kila aina, ndogo kwa kubwa, kama watu wanavyokufa kijijini. Hizi hazikuwa hivyo. Zilikuwa na ukubwa mmoja na umbo moja. Wafu wote walikuwa wa ukoo mmoja.

Akaijua ile saratani. Chembe zake ni kubwa, zina pupa ya kuzaana, na nje ya mwili hazina uvumilivu. Ukiziacha mahali pa joto hutangulia kufa, na zile nzima zikabaki hai kwa siku nyingine. Kila mwanafunzi wa maabara hufundishwa hivyo, ili asicheleweshe damu.

Akapima tyubu ya pili, akapima na ya tatu. Mawingu safi juu, kaburi la ukoo mmoja chini.

"Fokas," aliita. Sauti yake ilitoka ndogo. "Washa."

"Sijamaliza jicho."

"Mwashe hivyo hivyo. Mimi naenda wodini kutafuta damu ya kumjaribu."

*

Mzee Nchimbi alikuwa kwenye matibabu ghorofa ya juu. Ugonjwa wake ulijulikana, saratani ile ile, ulithibitishwa kwa kipimo cha uboho, na hapakuwa na fumbo ndani yake. Akatoa mkono bila kuuliza.

"Mnaninyonya tena," alisema. "Siku mtakayonirudishia hata kijiko mnipigie simu."

"Nitakupigia mwenyewe, baba."

"Mbona una haraka hivyo? Aliyechomwa ni mimi."

Alishuka ngazi na tyubu ikiwa kifuani, ndani ya ngumi, kisha akakumbuka kwamba joto la ngumi nalo ni joto, akaishika kwa ncha za vidole. Dokta Mapunda, mkuu wa kituo, alikuwa ameshaitwa na Fokas. Alisimama karibu na mlango na miwani kwenye paji la uso, mtu mrefu, mpole, aliyezoea kusikiliza hadi mwisho kabla ya kusema neno. Gaudensia akaiweka tyubu kwenye sanduku la kuingizia, kama damu yoyote iliyotoka zahanati.

Shemeji akaamka. Akatoa tyubu, akaipembeza. Akaonja tone moja. Kwenye kioo kidogo cha pembeni, kwa muda wa kuvuta pumzi, wingu likatokea. Lilikuwa kubwa, zito, halina mjadala. Hata Fokas, ambaye kazi yake ilikuwa vyuma, alilitambua.

"Si hilo hapo?" akasema. "Ameliona. Atatoa majibu."

Shemeji hakutoa majibu. Mkono uliteleza kwenye reli hadi mwisho, ukapinda nyuma ya nguzo, ukaishusha tyubu kwenye kitanda juu ya tundu la joto. Kisha, kabla haujaondoka, vidole viwili vya mpira vilirudi chini na kuigusa tyubu juu ya kifuniko, polepole, mara moja.

Gaudensia akaziba mdomo kwa mgongo wa mkono.

Aliujua mguso ule. Ulikuwa wake. Mwaka mzima aliovaa glavu za nyaya zilizorekodi mwendo wa mikono yake ili Shemeji ajifunze kwake, kila alipolaza damu ya mtu aliigusa hivyo juu ya kifuniko, kama unavyomgusa mtoto uliyemfunika shuka ili ujue kama amelala. Hakuwahi kumwambia yeyote. Hata mwenyewe alikuwa amesahau kwamba anafanya.

"Nieleze," Dokta Mapunda alisema kwa utulivu.

Akamweleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyokuwa akielewa mwenyewe. Shemeji hakuandikiwa sheria. Aliambiwa aangalie na aige, kisha akapewa alama. Alama zilipanda majibu yakitoka bila sampuli kurudiwa na bila simu ya malalamiko. Zilishuka daktari wa wilayani akipiga simu kuuliza, kubisha, kuomba kipimo kirudiwe. Na ni majibu gani ambayo madaktari hupiga simu kuyabishia? Mabaya. Mazuri hayajawahi kubishiwa na mtu.

"Alituona tukilaza," alisema. "Sisi tulilaza tukiwa na lile wingu la kwanza kichwani. Kesho yake hata damu ikiwa imechoka, tulijua tulichokiona jana. Mkono wangu ndio aliofundishwa. Nilichokuwa nakikumbuka hakikupita kwenye glavu. Yeye anaandika kile anachokiona mwisho tu."

"Na mwisho haoni kitu."

"Ndiyo. Aligundua kwamba zikilala, ubaya unapungua. Zikilala kwenye joto, unaisha. Akahamisha kitanda."

Fokas aliutazama mkono mweupe, ambao sasa ulikuwa unafungua tyubu nyingine kwa adabu zote. "Shemeji," alisema chini kwa chini, kama mtu anayemwita mlevi ambaye bado anampenda. "Shemeji, umefanya nini?"

Kisha akanyoosha mkono na kuzima.

*

Walikaa ofisini kwa Dokta Mapunda. Huko nje wapishi wa kituo walikuwa wanabishana kuhusu kuni.

"Ni wangapi?" Fokas aliuliza hatimaye.

"Sijui," Gaudensia akajibu. "Wote waliolazwa tangu kitanda kilipohama. Na hatujui kilihama lini."

Alipokuwa anasema hivyo ndipo lilipomfikia. Halikuja kama wazo. Lilikuja kama picha, yenye mwanga wake na harufu yake ya spiriti. Siku ile damu ya Editha ilipofika alikuwa amesimama pale pale mezani, akijifanya ana kazi. Aliona Shemeji akiionja. Akaona mkono ukiibeba kwenda kuilaza, hakufuata kuona ni wapi. Akashika meza. Lakini siku hizo Shemeji alikuwa analaza nyingi, na nyingi zilitoka safi, na wao walikuwa wameanza kusema kwamba kitanda kwake ni mahali pa kungojea foleni tu. Kesho yake majibu yakatoka safi. Alicheza na Fokas kwenye korido, yeye mtu mzima, mpaka kofia ya maabara ikamdondoka.

Shemeji hakulaza damu kwa sababu ya foleni. Alilaza alipoona wingu.

"Editha," alisema.

Fokas aliinua kichwa. Alikuwa amealikwa kwenye shukrani. Alikuwa amechangia mchele.

Dokta Mapunda alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Gaudensia, pole sana," alisema. "Nisikilizeni sasa, wote wawili. Tukitangaza leo kwamba majibu ya Lihanje hayaaminiki, mikoa mitatu itaacha kuleta damu. Hata wale ambao majibu yao ni ya kweli watazitupa dawa zao. Watu watakufa kwa hofu na kwa kutotibiwa. Hivyo navyo ni vifo." Akaweka miwani mezani. "Ninachopendekeza, tusikurupuke. Tulale kwanza. Kesho tupime tena tukiwa na akili iliyotulia. Halafu tuwaite mmoja mmoja, kimya kimya. Tuwaambie damu haikutosha, waje watoe nyingine. Wakifika hapa, watakuwa wameshajiandaa, tutawaambia vizuri, uso kwa uso."

Lilikuwa pendekezo la mtu mwema. Gaudensia alilisikia hivyo, na alijua kwamba asubuhi ya leo, kabla hajagusa zile tyubu zenye joto, angelipokea kwa mikono miwili. Angelitoa yeye mwenyewe.

"Dokta," alisema, "hilo ndilo alilofanya Shemeji."

Dokta Mapunda akaichukua tena miwani.

"Yule baba wa Namtumbo unamkumbuka?" aliendelea. "Mwenye mahindi. Nilimwita mimi. Nikamwambia damu haikutosha. Akaniambia, kama ni damu kidogo tu, mwanangu, ngoja kwanza nivune. Akavuna. Akapukuchua. Alipokuja aliletwa kwenye machela. Tukasema alichelewa. Nani alimwambia awahi?"

"Huyo alikuwa mmoja."

"Tunayemjua ndiye mmoja. Hawa tumewaambia wamepona, Dokta. Wamenunua mbuzi. Ukimwambia mtu aliyepona kwamba damu haikutosha, atakuja lini?"

Fokas, ambaye hakuwahi kumpinga mkuu wake kwa jambo lolote kubwa kuliko bei ya chai, alisema, "Mimi nisingekuja."

Nje ubishi wa kuni uliisha, mtu akacheka. Dokta Mapunda aliangalia mikono yake. Hakuwa mtu wa kushikilia neno kwa sababu tu ni lake.

"Na wale watakaozitupa dawa zao?" aliuliza. Hakuuliza kwa kubisha. Aliuliza kama mtu anayetaka jibu.

"Hao sina jibu lao," Gaudensia alisema. "Labda tuwaambie lipi limeharibika na lipi halikuharibika. Damu ambayo haikulazwa, majibu yake ni ya kweli. Inaelezeka. Lakini tukianza kwa kuzunguka, hata hilo halitaaminiwa."

"Ukianza na mtoto wa mdogo wako, watasema umependelea."

"Waseme. Ninaanza naye kwa sababu nikishindwa kumwambia Leokadia, hakuna mwingine nitakayeweza kumwambia."

Dokta Mapunda alisukuma simu ya mezani kuelekea kwake. Halafu akavuta daftari la namba za zahanati, akaanza kutafuta ya Tunduru kwa ajili yake mwenyewe.

*

Leokadia alipokea kwa sauti ya mtu mwenye unga mikononi.

"Nimechukua ya feni. Usinilaumu. Fundi anasema blauzi yako itabana, umenenepa."

"Leokadia, mpo wote hapo?"

Lilimtoka kabla hajalizuia. Upande wa pili kelele za sufuria zilikoma. Kila mtu wa kwao anajua maneno hayo hutangulia nini.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Usinizungushe, dada. Ni mama?"

"Mama mzima. Hajafa mtu, Leokadia. Nakuambia hivi hivi, bila kukukalisha chini kwanza." Gaudensia alifumba macho. Ulimi wake ulikuwa mzito kama wa mtu anayejaribu lugha ya kigeni. "Majibu ya Editha hayakuwa ya kweli. Mashine yetu ilikosea, na ilikosea kwa kutuiga sisi. Nadhani ana saratani ya damu. Nataka umlete leo nimpime mwenyewe."

Alimsikia mbuzi akilia uani kwao, na mtoto akimwambia mbuzi anyamaze.

"Wewe ndiye uliyeniambia amepona," Leokadia alisema.

"Ndiyo, ni mimi."

"Ulilia kwenye simu. Ulisema Mungu ni mkubwa."

"Nilisema."

"Sasa huwezi... dada, huwezi kusema kitu kama hicho hivi. Watu hawasemi hivi. Ungeniita tu ningekuja. Ungesema kuna dawa nyingine ya kuchukua, ningekuja."

"Ungekuja Jumatatu. Baada ya shukrani."

Ilikuwa kweli. Gaudensia alisikia pumzi yake ikipanda na kushuka. Kisha sauti ya Editha ikaingia, karibu sana na simu.

"Mama mkubwa, shikamoo. Mama amekaa chini kwenye unga. Mbona amekaa kwenye unga?"

"Marahaba, mama. Mwambie avae viatu. Mnakuja kwangu."

*

Walifika jua likiwa limeanza kulegea, bodaboda mbili, Leokadia na mtoto mbele, baba nyuma. Unga ulikuwa bado umemganda Leokadia kwenye viwiko. Hakumsalimia dada yake, wala Gaudensia hakumdai salamu.

Editha aliangalia mkono mweupe uliosimama kimya kwenye reli. "Huyu ndiye Shemeji? Mbona amelala?"

"Ameadhibiwa," Fokas alisema. "Alikuwa anadanganya."

"Atachapwa?"

"Atasomeshwa upya. Ni mbaya zaidi."

Mtoto akacheka, na kicheko chake kikawafanya watu wazima wote waangalie pengine. Alivumilia sindano bila kulia. Gaudensia aliishika tyubu, akaipembeza, akakaa kwenye mashine ya zamani. Kwa kawaida ndugu hawakuruhusiwa kupita ule mstari mwekundu sakafuni. Leokadia alikuwa ameshaupita, na hakuna aliyemrudisha. Baba alitoka na mtoto kwenda kuangalia droni zikitua.

Akaweka rangi, akasubiri, akaosha, akawasha. Nukta zilianza kuanguka kwenye kioo kama manyunyu ya kwanza, chache hapa, chache pale. Mawingu ya damu nzima yakaanza kujijenga.

Kisha, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu, nukta zikaanza kurundikana.

Gaudensia alijikuta mkono wake wa kulia umeinuka. Tyubu ilikuwa ndani yake. Mkono ulikuwa unaelekea dirishani, wenyewe, bila kutumwa, mahali kitanda kilipokaa miaka yote, na vidole viwili vilikuwa vimeshanyooka kwa ajili ya ule mguso wa juu ya kifuniko. Aliutazama kama unavyotazama mkono wa mtu mwingine. Fokas naye aliuona.

Gaudensia akaushusha. Akairudisha tyubu mezani, wima, mbele ya macho yao.

"Ni nini?" Leokadia aliuliza nyuma yake. "Mbona umenyamaza? Dada. Ni nini?"

Gaudensia alishika kioo kwa mikono miwili na kukigeuza upande wa mdogo wake.

"Ni hili hapa," alisema, na kidole chake kikaligusa. "Hili wingu. Halikutakiwa kuwepo."

Leokadia alilitazama muda mrefu. Nukta zilikuwa bado zinaanguka.

"Linatibika?"

"Likiwahiwa, mara nyingi linatibika."

"Basi tumechelewa?"

"Sijui, Leokadia. Vitanda vya wodi ya watoto viko ghorofa ya pili. Twende sasa hivi."

Leokadia alijifuta unga kwenye viwiko, akavua khanga kiunoni na kuifunga upya, kwa nguvu, kama mtu anayejiandaa kubeba kitu kizito umbali mrefu. Kisha akamshika dada yake mkono, akamvuta kuelekea mlangoni.

"Nionyeshe ngazi," alisema.